Sikio na Bomba la Hewa Baridi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Sikio, tena kwa heshima. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa katika gereji ileile ya mabati, yenye shimo moja la kushukia chini ya magari na ukuta uliopigwa misumari ya kutundikia spana, na magonjwa ya magari aliyatambua kwa kusikiliza. Gari lilikuwa likiingia getini naye yuko chini ya gari jingine, miguu tu inaonekana, na kutoka kule chini sauti ingesema, "Hilo linakuja na beringi ya nyuma, kushoto." Mwenye gari angeshuka mdomo wazi. Wangefungua gurudumu, na kweli, beringi imekwisha.

Hakusoma sana. Hakuwahi kumtolea mtu kifaa kizima akakiita kibovu, wala kumwambia mteja "njoo kesho" huku akijua kesho haitafika. Haya yafaa yajulikane mapema, maana kilichokuja kumpata hakikuwa malipo ya ulaghai. Kilimpata mtu mwaminifu, na ndiyo maana kilimchoma.

Miaka mitano kabla ya hapo, magari yenye tabo yalianza kuzagaa mjini. Tabo ni kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa eksozi, kikaisukuma hewa kwa kishindo ndani ya injini. Sikio aliyapenda magari hayo tangu siku ya kwanza, kwa sababu yalikuwa na mlio wa kwao. Akajifunza kuyafunga bomba la hewa baridi. Anang'oa boksi jeusi la plastiki lenye filta ndani, pamoja na ile pua yake ndefu, na mahali pake anaweka bomba la alumini linalong'aa, lenye filta ya wazi kichwani kama uyoga. Kisha anaacha boneti juu ili mwenye gari asikie vizuri, anakanyaga mafuta, na injini inavuta pumzi: huuuuu! Akiachia, pshiii!

"Umesikia?" angesema, kidole hewani. "Hewa baridi ni hewa nzito. Hewa nzito ndiyo nguvu. Mwanzoni gari lako lilikuwa linapumua kwa pua iliyoziba."

Wateja walicheka kama watoto. Magari sitini na matatu aliyafunga hivyo, na maboksi aliyoyang'oa, mkewe aliyabeba akapandia vitunguu nyuma ya nyumba.

Sasa, dada yake Sikio alikuwa na binti aliyehitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa kwenye karakana mpya ya kupima magari, hatua chache kutoka gereji ya mjomba wake. Kule gari linapandishwa juu ya rola, linakimbizwa papo hapo bila kwenda popote, na mashine inaandika lina nguvu za farasi wangapi. Jumapili moja binti huyo alikuja kula kwa mjomba wake. Shemeji mtu alikuwepo pia, kaka yake mke wa Sikio, dereva wa teksi ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Mjomba," binti akauliza akichovya kidole kwenye chumvi, "yale mabomba unayoyafunga, umewahi kuyapima?"

"Kuyapima nini?"

"Nguvu. Yanaongeza farasi wangapi?"

Sikio akagusa sikio lake. "Nimeyapima kwa hii mashine. Haitumii umeme."

"Haya basi!" shemeji akadakia. "Binti kaja kumfundisha babu kuota mvi!"

"Sibishani, Mjomba. Nauliza tu. Hewa ile, tabo ikishaisukuma, inapashwa moto hata hivyo. Halafu inapitia intakula, ile rejeta ndogo ya kuipoza. Na kompyuta ya gari inajua presha inayotaka. Ikishaipata, hailipi gari nguvu zaidi ati kwa sababu umebadilisha bomba."

"Kompyuta haina masikio," Sikio akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anacheka. "Jumamosi tulete teksi ya shemeji, nayo niliifunga bomba. Mashine ikisema nimekosea, msiniite Sikio tena. Mniite Kisigino."

Wote wakacheka. Mkewe hakucheka sana. Alimjua. Jina lile kwake lilikuwa ndio mkono aliokuwa akishikia kazi yote. Kama sikio limedanganya katika hili, limedanganya wapi kwingine?

Jumamosi asubuhi teksi ilifungwa kwa mikanda juu ya rola. Shemeji, mtu asiyetupa hata kizibo, alikuwa amelihifadhi boksi lake la asili kwenye buti miaka yote, kwa hiyo walikuwa na vyote viwili. Binti akashusha boneti, akawasha feni kubwa mbele ya gari. Sikio akageukia ukuta. "Sitaki kuona karatasi," alisema. "Nitawaambia mimi."

Gari likakimbizwa mara tatu na boksi. Mlio ulikuwa wa kunong'ona, kama mtu anayesema na nafsi yake. Likazimwa, likapoa, likafungwa bomba, likakimbizwa tena mara tatu. Huuuuu! Vioo vya karakana vikatetemeka.

"Hiyo!" Sikio akapiga ukuta kwa kiganja. "Farasi kumi juu. Kumi na wawili. Nikikosea, si mimi."

Aligeuka. Shemeji, ambaye hata msibani alikuwa na neno, alikuwa anaangalia viatu vyake. Binti alishika karatasi mbili.

"Mjomba... boksi, mia moja sitini na nane. Bomba, mia moja sitini na moja."

"Umezigeuza."

"Sijazigeuza."

"Rudia."

Walirudia, safari hii wakianza na bomba, kisha boksi, wakamalizia tena na bomba. Mashine haikujua wanaanza na lipi, wala haikumjua Sikio ni nani. Ikaandika yaleyale, ikipishana na mara ya kwanza kwa farasi mmoja tu. Sikio akashika ukingo wa meza. Alikuwa amesikia farasi kumi na wawili. Hakubahatisha. Aliwasikia, waziwazi, kama unavyosikia mlango ukigongwa.

Binti akafungua boneti. "Weka mkono hapo kwenye filta."

Aliuweka, akauondoa haraka. Filta ya uyoga ilikuwa imekaa shavu kwa shavu na tabo na mabomba ya moshi, inavuta joto la tanuri.

"Nje hewa ni nyuzi ishirini na tisa. Hapo ni hamsini na nane. Ukienda kasi barabarani itapungua, ndiyo, lakini kwenye foleni ya mjini ni hapohapo. Wewe huwa unawasikilizisha wateja vipi?"

Sikio akaitazama boneti. Boneti juu. Miaka mitano, boneti juu, injini haijapata joto, ili mlio usikike vizuri. Hakuna mtu aliyewahi kuendesha gari lake boneti ikiwa juu.

"Na hii?" Binti akainua boksi la plastiki, akafuata kwa kidole ile pua yake ndefu mpaka mwisho. "Hii ilikuwa inaishia wapi?"

Iliishia mbele kabisa, juu ya rejeta, nyuma ya grili, mahali upepo wa nje unapogonga. Waliotengeneza gari walikuwa wamekwisha kuliwekea bomba la hewa baridi. Lilikuwa la plastiki nyeusi, halina mlio, halina mng'aro. Sikio alizing'oa pua sitini na tatu, na hata siku moja hakufuata moja mpaka mwisho wake.

"Kwa hiyo hakuna bomba linaloongeza?" shemeji akauliza kwa sauti ndogo.

"Lipo. Lililofunikwa vizuri, linavuta kutoka mbele, na kompyuta ipangwe upya. Kwa gari kama hili, bila kompyuta kuguswa, farasi wawili watatu. Hata dereva hawahisi."

Mkewe alimkuta Sikio nyuma ya nyumba saa sita mchana, amepiga magoti, anang'oa vitunguu.

"Baba watoto! Vitunguu vimekukosea nini?"

Akamwonyesha boksi lenye udongo. "Hii ni pua ya mtu, mke wangu. Nimewakata watu pua, nikawapa tarumbeta."

Mkewe alikaa chini kando yake. Alijua mambo mengi ya kusema, na akaona yote hayafai. Mwisho akauliza, "Na beringi je? Beringi si huwa imekwisha kweli?"

"Ndicho ninachoogopa," alisema. "Beringi nikifungua naiona. Nguvu sijawahi kuiona. Niliisikia nikaamini. Mangapi mengine nimeyasikia tu?"

Kuna watu wangefunga mdomo hapo. Wako tele, wenye elimu kumzidi, wanaoikalia kweli kama kuku anayeatamia jiwe, na wanaitwa wenye busara. Sikio alichukua simu mchana uleule akaanza kuwapigia wateja aliowafungia mabomba.

Shemeji, aliyekuwa wa kwanza, alimaliza haraka. "Shemeji, nani kakwambia mimi nilitaka nguvu? Mimi ni teksi. Nilitaka abiria ageuke. Niachie tarumbeta yangu."

Wa pili alikuwa mwokaji mikate wa mtaa wa pili, mtu mpole, mteja wa miaka kumi. Sikio alimweleza yote, bila kuficha hata karatasi. Kisha mwokaji akakohoa.

"Fundi, usijisumbue. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba limepungua. Mdogo wangu ana gari kama langu, na boksi lake. Tulipandisha kile kilima pamoja, akaniacha. Mwaka wa tatu huu."

Karatasi za asubuhi zilikuwa zimemtikisa. Hili lilimwangusha.

"Miaka mitatu unajua? Na kila mwezi unakuja kwangu, tunakunywa chai?"

"Wewe mtu mwema, fundi. Ulifurahi sana siku ile. Nikasema nisimvunje moyo. Wengine nao wanajua, tunazungumzaga. Hakuna aliyetaka kukuaibisha."

"Mnazungumzaga!" Sikio alipiga kelele mpaka mkewe akatoka jikoni. "Mlinihurumia! Na nikikufungia breki vibaya? Nayo mtanihurumia mpaka mtumbukie korongoni? Heshima gani hii ya kumwacha mtu mzima apotee, mnamchekea usoni? Kama ungeniambia wewe mwaka ule, magari arobaini yangepona!"

Mwokaji akakohoa tena.

"Jumatatu lete gari," Sikio akasema, sauti imeshuka. "Na ukifika, useme. Ukiona boliti moja imekaa upande, useme, hata mbele ya watu."

Jumatatu mwokaji alikuja, mikono bado ina unga. Sikio aliosha boksi kwa sabuni, akaweka filta mpya, akarudisha pua mahali pake nyuma ya grili, akashusha boneti. Wakapanda wote wawili, mwokaji kwenye usukani, wakaelekea kilimani. Gari lilipanda kimya, na kwa mara ya kwanza Sikio hakuinamisha kichwa kusikiliza. Alimtazama dereva.

"Linavutaje?"

"Vizuri. Limekuwa jepesi."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Mwokaji."

Mwokaji aliikazia njia macho kana kwamba ingemkimbia, masikio yamemwiva kwa aibu, halafu maneno yakamtoka kwa mkupuo. "Usukani unavuta kushoto. Si sana. Tangu uliponibadilishia ile mikono ya chini ya magurudumu ya mbele."

"Lini hiyo?"

"Miezi saba."

Miezi saba, na Sikio alikuwa amepanda gari hilo mara nne, amekaa kiti hikihiki, hakusikia lolote. Aliitazama mikono ya mwokaji ikiurudisha usukani kulia, kidogo, tena kidogo, kwa mazoea ya mtu aliyekwisha kuzoea kosa la mwenzake.

"Simama," alisema.

"Hapa? Katikati ya kilima?"

"Hapahapa. Weka jiwe nyuma ya gurudumu, unipe jeki. Na usiondoke kando yangu. Nitafungua, nawe utaangalia."