Goti Langu Kwenye Mwanga wa Kijani

Mguu wangu wa kulia utakatwa mavuno yakiisha. Daktari wa siku hizi ameniambia bila kuzunguka: kidonda cha gotini kimegeuka saratani, na kilichokianzisha ni miali ya ile mashine ya picha niliyopigwa utotoni, enzi za Mwingereza. Sikusoma sana, niliishia darasa la pili, lakini hilo nimelielewa. Na wenye makosa nawajua.

Nilivunjika goti siku gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe liliponipitia, tukitoka Tunduma kuuza ulezi. Mama alitaka nipelekwe kwa bibi mmoja wa kijijini aliyeunga mifupa kwa vipande vya mianzi. Baba mkubwa, kaka yake baba, akakataa. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake halikupingwa. Wakanibeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni.

Niseme kweli, sijapata tena raha kama ile. Nyumbani tulibanana watoto wote kwenye mkeka mmoja. Kule nilipewa kitanda peke yangu na blanketi jekundu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado milimani, mama alinikorogea uji wa ulezi kwenye mafiga nje ya wodi, na wanawake wengine waliokuja kuuguza wakimtania: "Mwenzetu, huyo mwanao ananenepa. Unaponya goti au unatafuta mahari?" Moshi wa kuni zile nautamani mpaka leo.

Halafu mashine yenyewe. Daktari, Mzungu, alivaa kwanza miwani myekundu ili macho yazoee giza, kisha aproni nzito kama gunia la chumvi, na glavu. Mimi nilivaa shuka. Injini ikanguruma nje, kioo kikawaka kijani, na humo ndani nikaiona mifupa yangu. Nikitikisa vidole, na yenyewe inatikisika. Nilicheka sana.

Mara moja ingetosha. Lakini daktari alitaka watu wawaache waunga mifupa wao, na baba mkubwa akawa ndiye wa kumletea watu. Kwetu mgonjwa hutazamwa na ukoo mzima, hata walio ng'ambo ya mpaka, upande wa Rodeshia, Zambia ya leo. Walikuja na samaki wakavu na kuku, na baba mkubwa akiwapokea mlangoni: "Msiondoke kabla hamjaona mifupa ya mtoto wetu." Daktari alifurahi. Kila walipokuja wengine alinirudisha chumba cha giza, akanisimamisha kwenye kioo, nao wakaingia kwa zamu.

"Bibi harusi gani huyu," shangazi alisema, "kafunuliwa mpaka mifupa." Wakacheka wote, na mimi nikajiona bibi harusi kweli.

Goti likaanza kuwasha. Ngozi ikawa nyekundu kama iliyomwagiwa maji ya moto, kisha nyeusi. Mama alipouliza, daktari akamwambia ndivyo mtu anavyopona. Akasema hivyo yeye, mwenye aproni.

Mfupa uliunga, ila mguu ukaacha kurefuka. Nimeolewa nachechemea, nimelima nachechemea. Daktari alirudi kwao zamani. Baba mkubwa yupo, mzee sana, na Jumapili alikuja kunipa pole.

"Mwanangu," akasema, "waliokuona wewe ndio waliopeleka watoto wao hospitali. Wengi walipona."

"Najua, baba. Na mimi je?"

Akalitazama goti langu. "Tulikuwa na furaha mno siku zile."

"Hata mimi," nikamwambia, na sikumdanganya.

Kabla ya kukata, hospitali inataka mkubwa wa familia aweke dole gumba kwamba ameridhia. Kaka zangu wamejitolea, nimewakatalia. Nimemwambia baba mkubwa kwamba dole litakuwa lake, aliweke mbele ya macho yangu, na akae nje ya chumba mpaka nitolewe.

Akasema atakuja. Tutaondoka na basi la asubuhi.