Kopo Lililorudi Limejaa

Mawese yakishaingia kwenye plastiki hayatoki, hata usugue kwa majivu. Kila asubuhi hapa Kasulu ninapofungua kopo la chakula la binti yangu, harufu ile hunirudisha Kitahana, kule Kibondo, kwa mama yangu ameshika kopo la siagi lililokwisha siagi, anaogopa kulifungua.

Aliogopa kwa sababu alijua limejaa.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya bonde, na uji haukuwapo. Wengi tulishindia maji. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kuugua, nimebaki macho na masikio, na mama alikuwa amekwisha kumzika kaka yangu Yosia. Ugonjwa wa Yosia ulianza hivyohivyo: mchana anakataa chakula, jioni anajilazimisha. Basi mama akaapa kwamba mimi sitashinda njaa, akaanza kunifungia chakula cha shule.

Siku ya kwanza ulikuwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Nikafungua nyuma ya darasa, nikasema karibuni, kama nilivyolelewa. Jamani, sisi hatukujua kula huku tunatazamwa. Nyumbani mlango haukufungwa wakati wa kula. Mama alisema anayefunga mlango ili ale, anakula aibu yake. Wenzangu nao wakakaribia kweli. Mikono ikaingia, ikatoka, nikabaki nalamba kifuniko. Kesho yake wakaja hadi wa madarasa ya juu. Tangu hapo sikufungua tena. Chakula cha kuwagawia wote hakikutosha, na kula peke yangu sikuweza. Kula njiani ndiko usiseme, tulirudi kundi zima.

Mama akadhani sipendi mapishi yake. Masikini, alihangaika! Akajaribu viazi vitamu, vikarudi. Akafunga mihogo na karanga, ikarudi. Akatafuta unga wa ngano mjini Kibondo, akapika maandazi, nayo yakarudi yamekauka kama gome. Mwisho akachemsha yai. Yai moja, na macho ya darasa zima! Hilo mtu angeligawaje?

Jioni ile alilitoa yai, akalitazama, akaketi kwenye kizingiti cha jiko akalia bila kujificha.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "nikupikie nini ndiyo ukubali kuishi?"

Ningesemaje? Kusema wenzangu wana njaa kungekuwa kuwavua nguo wazazi wao, watu tuliokuwa tukilima nao na kusali nao. Hilo nalo alinifundisha yeye.

Hakunifungia tena. Kopo akalitia chumvi, akalirudisha rafuni. Mimi nikanenepa polepole kwa chakula cha jioni, lakini mama hakuamini. Kila alfajiri alikuwa akiniwekea kiganja kifuani, anakiacha hapo kidogo, ndipo ananiamsha. Nilidhani ananibembeleza. Nilikuja kuelewa nilipozaa: alikuwa anasikiliza kama bado napumua.

Mwaka jana nilimweleza yote, tukichambua maharage kibarazani kwake. Nilitegemea tutacheka. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kumbe ulikuwa na njaa tu," akasema. "Nami nikakuandalia msiba." Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa mbali. "Tena mimi ndiye niliyekufundisha."

Nikauvuta ungo kwangu, nikaendelea kuchambua.

Kopo la binti yangu hurudi tupu. Mwalimu wake amenisifia, eti mtoto anajua kula: wakati wa chakula huenda pembeni, akawapa wenzake mgongo, akaugeukia ukuta hadi amalize. Wapo wasioletewa kitu, akasema, lakini wameshazoea kutoomba. Nilimshukuru, nikaondoka haraka.

Asubuhi ya leo nimemfungia yai. Nilitaka kumwambia, mwanangu, geuka, waambie wenzako karibuni. Neno lilifika hadi mdomoni. Kisha nikamwona tena mama wa jioni ile, kizingitini, na yai lake mkononi.

Nikafunika kopo. Nikamwambia ale, asibakize.