Bomba la Nne Husubiriwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dafroza anapiga makofi mara mbili. Mabomba sita yanafunguliwa kwa pamoja na foleni nzima inaanza kuimba.

Ni Oktoba 1995, wilayani Ngara, kwenye kituo cha maji kilicho kati ya kijiji na kambi ya wakimbizi. Mabomba matano hujaza dumu la lita ishirini kwa beti mbili. La nne lina mwendo wa kinyonga. Beti zikiisha, wenye madumu yaliyojaa wanafunga lakini hawaondoki. Wanavuta sauti ya mwisho, midomo imefumbwa, mpaka dumu la bomba la nne lijae. Ndipo wote sita wanaondoka na wengine sita wanaingia.

Asubuhi moja hupita madumu zaidi ya mia nne. Hakuna anayemsukuma mwenzake.

Haikuwa hivyo mwezi Julai. Wenyeji na wakimbizi walipigana hapa wakigombea zamu, na mama mmoja akavunjika mkono. Msimamizi wa maji akatoa onyo: ugomvi mwingine, na wanakijiji watarudi kuchota kwenye kijito cha bondeni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Foleni ikakabidhiwa kwa Dafroza, mkulima wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa na mwezi mmoja tu katika kazi ya kulinda mabomba.

"Filimbi nilikuwa nayo, fimbo nilikuwa nayo," anasema. "Havikunisaidia kitu. Nikamkumbuka Mwalimu."

Mwalimu ni Pancras, aliyemfundisha muziki katika shule ya msingi huko Nyarubungo, Biharamulo. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na ubao, chaki na do-re-mi. Mtoto alimpanga kwa sauti yake, hata kama wa kusimama naye ndiye aliyegombana naye jana. Dafroza, aliyezoea kupayuka, aliamriwa kunyamaza wiki nzima akisikiliza wenzake.

"Nililia. Nilidhani ananionea, kumbe ananipa masikio."

Foleni aliifundisha wimbo wa kupanda maharage. Ni wa Kihangaza, lugha ya wenyeji iliyo karibu na Kirundi, na waliotoka Burundi waliuelewa bila kutafsiriwa. Lakini siku ya kwanza alikosea: aliamuru kila mtu aondoke beti zikiisha. Aliyekuwa kwenye bomba la nne, mkimbizi aitwaye Hakizimana, akabaki na nusu dumu. Akagoma kutoka.

"Mama, wimbo wako wenzetu unawapa maji," akasema. "Mimi unaniimbisha tu."

Wachache wakacheka. Nyuma yao, kijana mmoja wa kijijini alikwisha kuweka dumu chini na kukunja mikono ya shati.

Dafroza anasema hapo aliwaona akilini bezi wa Nyarubungo, waimbaji wa sauti nzito, waliokuwa wakichelewa kwenye wimbo kila siku. Mwalimu hakuwakemea. Aliinua mkono, na sauti nyingine zikavuta noti mpaka wafike. Naye akainua mkono.

"Vuteni. Tunamsubiri huyu."

Wakavuta, kwanza watatu, kisha wote. Dumu likajaa. Kesho yake Hakizimana alirudi na wenzake wanne wenye sauti nzito. Sasa ndio bezi wa foleni.

Habari zilisafiri na madereva wa malori hadi sokoni Nyakahura, zikamfikia Mwalimu Pancras, mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Wiki iliyopita alipanda lori, akaazima dumu, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ikaangukia bomba la nne. Dafroza alimtambua kwa sauti kabla hajamwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti ya pili inapanda kidogo," akajibu, akitazama dumu lake likijaa. "Lakini mmenisubiri."

Ijumaa, msimamizi alitangaza kwamba miezi mitatu imepita bila ugomvi. Wanakijiji wanabaki bombani, na muda wao umeongezwa hadi adhuhuri. Wanawake walipiga vigelegele, wa kijijini na wa kambini.

Sasa Dafroza anaandaa kwaya ya sauti nne ya wenyeji na wakimbizi, iimbe Krismasi kanisani. Mwalimu amekubali kukaa hadi siku hiyo, kwa sharti moja: wote wa sauti ya pili wanyamaze wiki nzima, wasikilize tu.

Dafroza ni wa sauti ya pili.

"Safari hii silii," anasema, na kupiga makofi mara mbili.