Teraplani la Bibi Zuwena

Nyumba yetu ya Ibra ilikuwa na harufu mbili zisizochukuana, ndimu kavu na mafuta ya taa, na zote zilitoka ndani ya gari. Bibi Zuwena, mama yake baba, alikuwa na Teraplani, gari la Kimarekani la miaka ile ya dhiki kubwa kwao, viwanda vikifungwa kimoja baada ya kimoja. Halikudumu sokoni hata miaka kumi. Lilikuwa jeusi, pua imechongoka, taa mbili zimetoka nje kama macho ya mtu aliyeshtuka. Baba yake alilinunua Tabora kwa Mgiriki mkulima wa tumbaku, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha Bibi kuliendesha. Tuliporudi Omani, wenzetu walikuja na vitanda vya samadari na cherehani; Bibi alikuja na gari. Nilipofika miaka kumi lilikuwa limekaa uani siku nyingi bila kuwaka, kiti cha nyuma kimekuwa ghala la ndimu. Hata hivyo kila Alhamisi Bibi alijifunga kanga kiunoni, akafungua boneti na kusugua vyuma kwa tambara lenye mafuta ya taa, huku akiligombeza kama mke mwenza.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja, kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi. Kilikuwa kimepasuka, na fundi wa Kihindi wa gereji ya karibu alikigeuzageuza akakirudisha, akisema tangu azaliwe hajaona cha aina ile. Bibi aliandikisha barua Sur, Nizwa, hata Tabora. "Nilisikie likinguruma mara moja tu," alikuwa akisema, "nilizungushe mpaka Samad na kurudi, basi. Sitaki tena kitu duniani."

Mimi gari lile nililichukia. Shuleni waliniita Mzinjibari, ingawa kwetu hakuna aliyewahi kukanyaga Unguja, na Kiswahili nilikiacha mlangoni kila nilipotoka. Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha Tabora, kimepinda. Siku moja alikuja shuleni kumsalimia mwalimu, na darasa zima likamwigiza wiki nzima. Niliigiza pamoja nao. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa wasichana watatu, ambao leo jina la mmoja wao hata silikumbuki.

Kiangazi hicho, watu wakiwa mashambani wanavuna tende, ami yangu Nasor alipiga simu kutoka Maskati. Amempata mtu wa Nizwa anayekusanya magari ya zamani, anacho kifuniko, na atakuja mwenyewe Alhamisi alasiri. Bibi hakulala. Asubuhi alitandika mkeka mpya, akapanga halwa kwenye sinia, akavaa kanga ambayo hajaifua hata mara moja. Nami nilijua yote hayo, ndiyo maana siwezi kujitetea.

Nilikuwa kichochoroni na wale wasichana watatu, ambao nilikuwa sijawahi kuwakaribisha kwetu, gari jeupe liliposimama. Alishuka mzee nadhifu, mkononi ana kijiboksi kilichofungwa kwa gazeti. Akatuuliza kwa Kiarabu, nyumba ya yule bibi mwenye gari la Kimarekani ni ipi? Wakati huohuo nyuma ya ukuta nikamsikia Bibi akimwita jirani kwa Kiswahili, kwa sauti ile yake ya kuvuka bonde. Wasichana wakaanza kucheka. Nikaona wote watapita mlangoni kwetu, wamwone na kanga yake na ndimu zake na lile dude. Nikasema haraka, "Bibi huyo amekufa. Na gari limeuzwa chuma chakavu."

Mzee akainamisha kichwa. "Allah yarhamha," akasema, Mungu amrehemu. Akarudisha kijiboksi garini, akageuza kuelekea Nizwa.

Bibi alingoja mpaka magharibi. "Labda na lake limemharibikia njiani," akasema, akimwonea huruma mgeni. Halwa ile niliila mimi.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake simu ililia, Bibi akaipokea, na upande wa pili alikuwa ami Nasor analia. Mtu wa Nizwa alikuwa amempa pole ya kufiwa na mama. Bibi alicheka kwanza, akamwapia mwanawe kuwa yu hai na ana njaa. Kisha akauliza ni nani aliyemwua. Alisikiliza. Akageuka polepole akaniangalia, nami nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Nilisikia sauti ya ami ikitoka kwenye simu, anataka ampigie mzee saa ileile, arudi na kifuniko chake.

"Hapana, Nasor," Bibi akasema. "Akija hapa atamtambua aliyemwambia. Mwache. Hilo gari nimeshalichoka."

Akaweka simu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Toka siku hiyo hakufungua boneti tena.

Alifariki nikiwa chuo kikuu, na Teraplani likachukuliwa kwa lori la chuma chakavu, kama nilivyosema. Siku hizi vijana wetu wanajivunia walikotoka. Wanapiga picha za mandazi na kanga, na wenzangu ofisini Maskati wananiomba niwafundishe maneno mawili matatu. Nakisema Kiswahili dukani kwa sauti, na hakuna anayecheka, kwa hiyo sioni la kujisifu. Niliishi na Bibi miaka tisa baada ya Alhamisi ile. Tulikula sahani moja, nilimsuka nywele, nilimsomea barua zake. Katika miaka yote tisa sikumwambia nisamehe.