Bili Mbichi, Bili Kavu

Karatasi ilinigonga usoni kabla sijamwona mtu. Nilikuwa nimetoka stendi na begi begani, nimeelekezwa na watu watatu kwa njia tatu tofauti, na sasa nilisimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba nisiyoijua, nimenaswa na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Haikuwa na nguo hata moja. Ilikuwa na bili.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," sauti ya mwanamke ikasema kutoka jikoni. "Wewe yako imekupata shingoni. Usiguse! Hiyo ya maji bado mbichi."

Ndivyo nilivyokutana na Dobi, binti mkubwa wa nyumba ambamo nilikuwa nimepanga chumba kwa mwezi mmoja. Wote walimwita hivyo, hata mama yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, vidole vimepauka kwa sabuni, na uani alifua mashuka ya nyumba za wageni kwa makarai manne.

Kamba ilikuwa na sheria zake. Juu yake, katikati ya ukuta, palikuwa na msumari. Kushoto kwa msumari zilikaa bili mbichi, zisizolipwa. Kulia zilikaa kavu. Kila asubuhi, chai ikiwa jikoni, Dobi alizisogeza mbichi hatua moja kuelekea msumari. Kibanio cha mti kilikuwa cha siku za kawaida. Chekundu maana yake zimebaki siku tatu. Akishalipa kwa simu, aliandika namba ya risiti kwa penseli pembeni mwa karatasi, kisha akaivusha.

"Nyumba hii inajilipa yenyewe," mdogo wake aliniambia siku ya pili, akinyoosha miguu ukumbini. Walimwita Bosi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa bosi wake kwa zaidi ya wiki mbili. Fungu lake alitoa, sikatai. Alimwekea dada yake mkononi, akasahau.

Mwaka uliopita Dobi alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mji mwingine: mashine, mshahara, chumba cha kulala. Akaenda. Siku ya pili likatanda wingu. Wakati ule kamba ilikuwa barazani, na mama, alipoona mvua inakuja, akafanya ambalo mama yeyote angefanya: akaanua. Akakunja karatasi zote pamoja, mbichi na kavu, akazipanga kabatini kama mashuka. Bosi akalipa umeme mara mbili, maji hakulipa kabisa. Siku ya nne bomba likakatwa, Dobi akaitwa, akarudi kunyoosha mambo. Kule hospitali hawakumngoja.

"Hakuna aliyenizuia," aliniambia akikamua shuka. "Ndiyo shida yenyewe. Mtu akikufungia mlango utaupiga teke. Hawa wananifungulia mlango, halafu wananiuliza, dada, hii ni ya lini?"

Nilikuwa nimemaliza siku tisa katika nyumba ile, hospitali ilipompigia tena. Mtu ameacha kazi, nafasi ni moja, aripoti Jumatatu asubuhi. Gari ni Jumapili saa nane mchana.

Jumapili hiyo ukumbi ukawa darasa.

"Hii ya nini?"

"Umeme," Bosi akasema.

"Mbichi au kavu?"

Akakuna kidevu. "Naiona kama kavukavu."

"Kibanio rangi gani?"

"Chekundu. Si cha urembo tu?"

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Mama alikuwa kwenye kigoda, mkoba wa Dobi mapajani pake, ameukumbatia.

"Mwanangu, si ungengoja bili hizi tatu mbichi zipite kwanza?"

"Zikipita hizi, mama, zinakuja nyingine."

"Mimi nasema tu."

"Dada, wewe nenda kwa amani," Bosi akasema. "Unahangaika bure. Ujumbe wa bili wote unakuja kwenye simu yako. Utalipa uko huko huko. Simu haina umbali."

"Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Dobi akasema, lakini taratibu. Alikuwa akiitazama simu yake kama mtu aliyegundua kwamba kamba aliyofungiwa ni ndefu kuliko alivyodhani. Ilikuwa saa saba na robo.

Akachomoa pini kichwani, akafungua simu, akatoa laini. Akaibana kwenye kamba kwa kibanio chekundu, pamoja na bili ya umeme.

"Pesa za mwezi huu zimo humo. Namba ya siri nimemwandikia mama."

"Na nikikwama?"

"Utakwama."

"Nitakupigia wapi?"

"Namba yangu ndiyo hiyo, imeanikwa. Nikifika nitanunua nyingine. Mwisho wa mwezi nitampigia mama."

Akainama kuchukua mkoba. Mama hakuuachia mara moja. Walivutana kidogo, mpaka vidole vya mama vikachoka. Getini Dobi alisimama, ametupa mgongo. Nilidhani atageuka. Akapangusa mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na maji, akaenda.

Mimi nilikuwa nimelipia chumba mpaka mwisho wa mwezi.

Bosi alibaki mbele ya kamba muda mrefu. "Mgeni," akasema hatimaye, "wewe umetembea dunia. Hii ya maji ni mbichi au kavu?"

Nilijua. Siku zote hizo nilikuwa nikipita chini ya karatasi zile. Ningeweza kuzisoma nimefumba macho. Nimeingia nyumba nyingi, nami najua jinsi mtu anavyoanza kwa kujibu swali moja.

"Sijui," nikasema, nikatia mikono mfukoni.

Akainua mkono, akaipapasa ile karatasi kwa vidole viwili, kama anayepima shuka.