Tulivyokwama juu ya Jiwe la Kobe kule Ruangwa, chini tembo wanakula mabibo (wahusika nawataja)

Wakuu habari za mchana, na nyie mnaosoma usiku mkiwa chini ya neti nawasalimu pia.

Jana nimepitia uzi mmoja humu, watu wanashindana vivutio vya utalii. Huyu kaweka maporomoko ya Marekani, yule mlima unaotema moto, mwingine Serengeti na Ngorongoro. Halafu akatokea mjuaji akaandika kwamba kusini hakuna kitu, kuna korosho tu.

Niliweka simu chini kwanza nikanywa maji.

Kusini vivutio vipo. Kimoja kilitaka kunitoa roho. Ninachoandika ni kitu kilichonikuta mimi mwenyewe, sina elimu ya kutunga, niliishia darasa la saba pale Chiola, Nachingwea. Mkiona herufi imepinda rukeni, songeni mbele.

Na majina nitataja. Nimewastahi miaka mingi, wao hawakunistahi.

Mhusika wa kwanza ni shemeji yangu Dastani, kaka wa mke wangu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alirudi kutoka Arusha alikokuwa anaosha magari ya watalii. Alirudi na kofia pana yenye kamba ya kidevuni, na maneno. Akawa akiona kichuguu anasema hiki ni kivutio. Akiona mbuyu, kivutio. Siku moja alimwangalia mama mkwe wangu anatwanga, nikajua tu anachofikiria.

Sasa huko nje ya Malolo, upande wa Ruangwa, kuna jiwe kubwa limekaa peke yake porini kama kobe aliyechoka. Tunaliita Jiwe la Kobe. Upande mmoja lina ufa, unapanda kwa mikono na miguu mpaka mgongoni. Utotoni tulikuwa tunapanda kuwinda pimbi. Hakuna aliyejua kwamba tunatalii.

Dastani akasema hapo ndipo pa kuanzia. Yeye atakuwa tour guide mkuu, mimi msaidizi kwa kuwa njia naijua. Mgeni wa kwanza akampata misheni, mama mmoja wa Kizungu anaitwa Inge, mtu mzima, nywele nyeupe, amekuja kumtembelea ndugu yake. Mama huyo ametembea dunia nzima. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia choo, lakini moyo safi.

Mhusika wa pili ni Abdala. Huyu inabidi nimweleze vizuri.

Abdala ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani toka kwa mababu. Kwa msioujua utani wa kwetu, siyo utani wa kuchekeana baa. Siku tunamzika baba yangu, Abdala aliingia kaburini akalala, akasema marehemu asubiri, kitanda kina mtu. Tukambembeleza ndiyo akatoka. Na mimi kwa babu yake nilifanya makubwa zaidi, siandiki.

Mtu wa hivyo huwezi kumwamini akikuambia hata saa. Wiki ile ile ya safari alikuwa amenitumia salamu kwamba mkwe wangu ameshuka stendi na ana hasira. Nikakimbia kuoga, nikachinja jogoo. Hakuna mkwe. Akaja yeye akala.

Shamba la korosho la Abdala linafika mpaka miguuni pa lile jiwe. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Asubuhi ya safari tukapita kwake na baiskeli, akawa kakaa mlangoni anamenya muhogo. Akanitazama, akasema:

"Mtani, mrudishe huyo bibi. Wakubwa wako kwenye mabibo yangu toka juzi."

Wakubwa ni tembo, porini hatuwaiti kwa jina. Mabibo ni yale matunda ya korosho, msimu ukifika yanadondoka yanatapakaa chini, yananuka utamu mpaka barabarani.

Nikamjibu anayelala kwenye mabibo ni yeye, kijiji kizima kinamjua. Akacheka. Nami nikacheka. Inge akauliza kupitia Dastani mzee amesema nini, nikamwambia anatutakia safari njema.

Wakuu, msinihukumu. Mtu ambaye juzi kala jogoo wangu kwa uongo, ningemwaminije?

Tukafika. Mimi nikashika dumu la maji nipande nalo, Dastani akanizuia. Akasema Arusha guide habebi mzigo, kuna wapagazi. Nikamuuliza wapagazi wetu wako wapi. Akasema tuanze na utaratibu, wapagazi watakuja biashara ikikua. Dumu likabaki chini ya mkorosho pamoja na baiskeli.

Hilo dumu ndiyo kesi yangu na Dastani mpaka leo.

Juu kwenyewe, jamani, ukweli usemwe. Kuna view. Unaiona Ruangwa yote na vilima vyake vya mawe vimesimama kimoja kimoja, na ukigeuka upande wa Nachingwea mikorosho inaenda mpaka macho yanachoka. Inge alizunguka mgongo wote wa jiwe akitazama. Akasema kwa tafsiri ya Dastani kwamba ameona maji yanayoruka kutoka ardhini yakiwa yamechemka, ameona milima ya barafu, lakini jiwe lisilo na hata mtu anayeuza kofia hajawahi kuona.

Dastani akaanza kumjaza uongo. Kwamba jiwe lilidondoka kutoka mwezini. Kwamba chifu alikuwa anaoga hapo juu. Nilitaka kusema ukweli kuhusu pimbi, ndipo tukasikia tawi linavunjika chini.

Kuchungulia, masikio.

Siyo mmoja. Kundi zima na mtoto wao, wanatoka kwenye mikorosho taratibu wanaokota mabibo kama wanawake waliokuja kusaidiana mavuno. Jike kubwa likaja mpaka kwenye vitu vyetu. Likanusa kiti cha baiskeli yangu, nadhani halikupenda, likaikanyaga. Halafu likalikanyaga dumu. Nililisikia linapasuka, mpaka leo nikifungua soda nashtuka.

Dastani akanong'ona kwamba Arusha tembo wanaonekana kutoka ndani ya gari.

Nikamwonyesha baiskeli yangu kwa kidole.

Mwanzo Inge alifurahi, anapiga picha. Ila jua la kwetu msimu wa korosho halina mgeni. Jiwe likaanza kuwaka kama kikaango. Lile shimo la juu linaloshika maji ya mvua lilikuwa na vumbi na mavi ya pimbi. Kivuli hakuna, isipokuwa kwenye mdomo wa ufa, tukamweka mama pale. Dastani akaanza kusali. Alianza Kikatoliki, akaona majibu yanachelewa, akachanganya na dua alizosikia kwa majirani.

Mchana ukasonga, tembo hawana haraka. Inge akaacha kupiga picha. Akaacha kuongea. Uso ukawa mwekundu halafu ukapauka, midomo imepasuka, akawa anasema neno moja tu, maji, maji, kwa sauti ndogo kama mtoto. Nikamshika mkono, umekauka, hautoi hata jasho. Hapo kucheka kukaniishia. Nikaona huyu mama anaweza kufia mikononi mwangu juu ya jiwe la kuwindia pimbi.

Ng'ambo ya kijito nikamwona Abdala uani kwake anaanika muhogo. Nikasimama nikapaza sauti mpaka koo likauma:

"Mtani! Tembo wametuzingira! Mgeni anakufa!"

Sauti inafika vizuri pale, jiwe linaitupa. Akainua kichwa. Akajibu:

"Afe na wewe ufe! Jembe ninalo, kaburi nachimba leo leo!"

Akarudi kwenye muhogo wake, akidhani namrudishia utani wa asubuhi.

Nikaita tena. Akaniuliza kama tembo wenyewe wana nauli. Nikaapa kwa kaburi la baba. Akasema kaburi lile analijua, alishalilalia.

Dastani akalia. Mimi nilitaka kulia, lakini machozi yenyewe hayapo.

Nikafikiria, huyu mtu neno gani hajawahi kulisikia kwangu? Matusi kayasikia yote. Viapo kavisikia. Nikavuta pumzi, nikaita kwa adabu kama namwita imamu:

"Shikamoo kaka Abdala! Nakuomba, tafadhali!"



Akaweka ungo chini. Akasimama anatazama jiwe, mkono kwenye paji. Toka tumezaliwa mimi na yeye hatujawahi kuamkiana. Halafu nikamwona anakimbia kwa majirani, msuli kaushika mkononi.

Walikuja wengi na madebe na majani makavu, wakawasha moto upande upepo unakotoka, wakapiga kelele mpaka tembo wakaona hapa hapakaliki. Wakaondoka bila fujo, mtoto katikati. Abdala ndiye aliyepanda na kibuyu cha maji. Akamlowanisha mama kitambaa kichwani, akamnywesha kidogo kidogo. Mama alipofungua macho na kumtukana Dastani kwa lugha ya kwao, tukajua amepona.

Tuliposhuka Abdala hakunitania. Aliniuliza mbona asubuhi sikumsikia. Nikamuuliza mbona mchana hakunisikia yeye.  Basi tukapatana pale pale: mmoja akiwa na neno la kweli, anavua kofia kwanza ndipo aseme.

Hiyo shikamoo lakini alishaitangaza Malolo yote. Mpaka watoto walikuwa wananiamkia kwa jina lake.

Funzo, wakuu. Ukipeleka mgeni porini, muulize mwenye shamba, na maji yako beba mwenyewe. Na mtani wako akikutajia mnyama, acha kujibu haraka, muulize mara ya pili.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Abdala kaja kwangu, kasimama mlangoni, akavua kofia. Nikawaza msiba. Akasema polepole:

"Dastani kashuka na basi la jana. Safari hii kanunua mtumbwi, na anakuulizia wewe."

Tuliingia wote ndani tukafunga komeo.

Nyie mnaosema kusini hakuna kitu njooni, jiwe lipo pale pale. Na mwenye kivutio chake kilichotaka kumuua amwage hapa chini, ila ataje na shemeji aliyempeleka.