Mbili au Tatu: Fundi Ubaldo Ashindwa Kutoboa Boti Yake

Jua la Hialeah, mji wa Florida, halijapanda sawasawa, na Ubaldo Perdomo amesimama nyuma ya boti nyeupe ya futi thelathini na nne, drili mkononi. Anaweka ncha kwenye alama ya penseli. Anaiondoa. Anafuta alama kwa kidole gumba, anachora nyingine pembeni, kisha anaweka drili chini na kuulizia kahawa.

Karakana nzima, nami nikiwamo, inamtazama kwa jicho la pembeni. Huyu ndiye anayefunga injini za boti za kasi za nusu ya mji, mtu ambaye akikuambia nyuma ya boti yako patabeba, patabeba. Ila safari hii boti ni yake mwenyewe. Bosi wake alimwachia kwa bei ya kutupa kwa kuwa ilitoka kiwandani na kovu ubavuni, naye anaizunguka tangu wiki iliyopita kama bwana harusi aliyesahau pete.

"Toboa basi, mzee, au nikushikie mkono?" anamchokoza Osniel, mpaka rangi, huku akigawa kahawa kali kwenye vikombe vidogo kama vya dawa. Ubaldo anaimaliza yake kwa funda moja.

Kinachomsumbua ni injini: afunge mbili au tatu? Mbili kubwa hazilambi mafuta sana, na boti inakaa vizuri majini. Tatu zinakimbia zaidi, zaidi ya maili sabini kwa saa kwa hesabu yake, lakini zinaongeza uzito wa wanaume wawili walioshiba, na zinajaza nyuma yote. Ukishatoboa umetoboa. Osniel na wenzake wanataka tatu, eti fundi wa injini akionekana Jumapili na mbili watu watamcheka mpaka jioni.

Ubaldo hataki tatu kwa ajili ya kuonwa. Akiwa kijana aliondoka Kuba na mchumba wake, Zoraida, juu ya chelezo kilichosukumwa na injini ya pampu ya kumwagilia miwa. Ikafia katikati, nchi kavu haionekani huku wala kule. Wakaelea mpaka wavuvi walipowaokota.

"Injini ikizima baharini, ule ukimya unauma masikio," anasema, akitazama viganja vyake. "Ukiwa na tatu, moja ikifa, mbili zinakurudisha mbio. Ukiwa na mbili, ikifa moja unajikokota."

Fundi huyu ana desturi yake. Hatoboi boti ya mteja mpaka mteja amlete yule atakayepanda naye mara nyingi. Boti hushushwa kwenye mfereji nyuma ya karakana, madumu ya maji yakafungwa mahali pa injini ili kupima uzito, kisha mgeni hukalishwa nyuma. Wapo wanaume waliobadili mawazo walipoona maji yanalowesha viatu vya mama mkwe.

Juzi Osniel akamuuliza, bila utani safari hii, mbona wa kwake hajaja. Miaka yote Ubaldo anawarudisha watu nyumbani wakawalete wake zao, na wa kwake hajamwambia hata neno.

Ndiyo maana leo Zoraida anaingia getini, na sufuria la wali na maharage meusi mkononi, akitembea taratibu. Nyonga yake ilifanyiwa upasuaji mwaka jana. Madumu matatu yameshafungwa, boti imeshashushwa. Anashikwa mkono, anakaa, anageuka kutazama nyuma.

Jumapili watu wao hukutana kwenye fungu la mchanga baharini, wamesimama majini hadi kiunoni, na sufuria na domino zao. Zoraida hurudi kwenye boti za ndugu kwa ngazi ya nyuma, maana ubavuni hawezi tena kupanda. Anauliza, kwa upole kabisa, hapa atapandia wapi.

Ubaldo anatafuta pa kuonyesha. Hakuna. Ndipo, mbele yetu sote, anamweleza mkewe lile ambalo hakuwahi kumweleza, kwamba ile pampu bado anaisikia ikizima.

Zoraida anamwacha amalize.

"Ubaldo, sisi tulivuka na moja," anasema. "Tena ikafa. Na bado uko hapa unanisumbua." Kisha anamshika mkono. "Boti ni yako, mzee wangu. Ukitaka tatu, funga. Mimi nitabaki nyumbani na sufuria langu."

Ubaldo anainama, anafungua kamba za dumu la tatu, analivuta hadi ukingoni. Nyuma ya boti pananyanyuka kidogo. Osniel, mtetezi mkuu wa tatu, anajifanya anafuta brashi, macho yamemwiva.

Baada ya chakula boti inapandishwa, na drili inalia. Matundu yanatoka ya mbili, na upande mmoja pamebaki nafasi ya ngazi, ambayo Ubaldo ataichomelea mwenyewe, vidato vipana, na cha kushikia pande zote mbili.

Namuuliza wataanzia wapi.

"Fungu la mchanga kwanza, akapande na kushuka mpaka achoke," anasema. "Halafu nitampeleka mbali kidogo, nizizime zote mbili, makusudi. Nataka tukae naye, tuusikilize ule ukimya."